Kutoka Holborn hadi Ratcliffe: Njia ya Sheria Zilizozima Makaa ya Mawe

Daraja la Holborn Viaduct, katikati ya London, lilifunguliwa na Malkia Victoria mwaka 1869. Leo magari hupita juu yake na mengine chini yake, na watumishi wa maofisi hupita mbiombio bila kupatazama mahali palipokuwa na jengo namba 57. Nilianzia hapo kwa sababu hapo ndipo kampuni ya Thomas Edison ilipowasha, mwaka 1882, kituo kinachotajwa kuwa cha kwanza duniani kuchoma makaa ya mawe na kuuzia umma umeme. Jenereta lake liliitwa Jumbo, jina la tembo aliyevuma enzi hizo. Lilitia nuru taa za barabarani, mahakama ya Old Bailey na posta kuu. Biashara haikulipa, na kufikia mwaka 1886 kituo kilikuwa kimefungwa.

Kituo cha mwisho cha aina hiyo nchini Uingereza, Ratcliffe-on-Soar, kilizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Kati ya viwili hivyo imepita miaka 142. Wengi huisimulia miaka hiyo kuwa habari ya mitambo: makaa yakaja, gesi ikaja, upepo ukaja. Mimi niliifuata njia hii nikitafuta sheria. Nilitaka kujua bunge lilifanya nini, lilifanya lini, na nani aliumia.

Kutoka Holborn nilishuka hadi mtoni Thames, kwenye dohani nne za Battersea. Kituo hiki kilianza kazi miaka ya 1930, na tangu mwanzo wakazi walilalamikia moshi wake, hata wahandisi wakalazimika kuusafisha kwa maji kabla haujatoka. Siku hizi ni maduka na nyumba za bei kali. Lakini Battersea ndipo mahali pa kukumbuka Desemba 1952, London ilipofunikwa na ukungu wa moshi kwa siku tano, kuanzia tarehe 5 hadi 9. Mabasi yalitembea huku kondakta akiongoza kwa tochi mbele ya gari. Hesabu ya kwanza ilitaja watu wapatao 4,000 waliokufa. Watafiti wa baadaye wakaona huenda walifika 12,000. Serikali ilisitasita, na sheria ya hewa safi haikupitishwa mpaka mwaka 1956.

Sheria ile naiheshimu, maana iliokoa mapafu ya watoto wa mji. Ilipiga marufuku moshi mweusi na kuanzisha maeneo yasiyoruhusiwa kuchoma makaa ya kawaida majumbani. Lakini haikukusudia kuyaondoa makaa yenyewe. Vituo vipya vikubwa vilijengwa mbali na London, vikapewa dohani ndefu zaidi ili moshi upande juu na kuchukuliwa na upepo. Salfa iliyopeperushwa hivyo ilivuka bahari, ikachangia mvua ya tindikali iliyoua samaki katika maziwa ya Norwe na Uswidi. London ilipata nafuu, na ng'ambo wakalipa.

Treni ya kaskazini kutoka St Pancras hukupeleka kulekule moshi ulikohamishiwa, bonde la mto Trent. Sababu ya kulichagua bonde hili inaeleweka ukifika: mto una maji ya kupozea mitambo, na migodi ya Nottinghamshire ilikuwa jirani. Vituo vilipangana kando ya mto hata watu wakaliita bonde la megawati. Uingereza ya mwaka 1920 ilikuwa na wachimbaji zaidi ya milioni moja. Mwaka 1947 migodi ilifanywa mali ya taifa, mwaka 1948 reli na umeme vikafuata, na tangu hapo makaa, reli na umeme vilikuwa chini ya serikali, kila kimoja kikimtegemea mwenzake.

Hapa kwenye migodi ndipo nataka nikae kidogo. Mwanzoni mwa Machi 1984 bodi ya makaa ilitangaza kwamba mgodi wa Cortonwood, kusini mwa Yorkshire, ungefungwa ndani ya wiki chache. Mgomo uliofuata ulidumu karibu mwaka mzima. Ndugu waligawanyika: wachimbaji wengi wa Nottinghamshire waliendelea kushuka mgodini wakati wenzao wa Yorkshire wamegoma, na zipo familia ambazo chuki hiyo haikuisha. Mgomo ulishindwa Machi 1985, kisha migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyesema wakati huo kwamba tabianchi ndiyo sababu. Bei ndiyo iliyotajwa, na siasa. Hakukuwa na sheria iliyoweka tarehe ya mbali, wala mpango wa maana wa kazi nyingine kwa vijiji ambavyo havikuwa na kazi nyingine. Vituo vya umeme vyenyewe viliendelea kuchoma makaa, mengi yakiletwa kwa meli kutoka nje.

Kwa hiyo tusichanganye mambo mawili. Uchimbaji uliuliwa kwanza, kwa ghafla. Uchomaji ulizimwa baadaye, kwa sheria, polepole.

Sheria hizo zilikuja tabaka juu ya tabaka. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya, Uingereza ikiwa bado ndani, ulitoa agizo kuhusu mitambo mikubwa ya kuchoma: weka vichujio vya salfa, au ukubali kufanya kazi saa 20,000 tu kuanzia 2008 na kufunga kabla ya mwaka 2015 kwisha. Vituo vya Didcot A, Kingsnorth na Cockenzie vilichagua kumaliza saa zao. Novemba 2008 ikapitishwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, ya kwanza ya aina yake duniani, iliyoifunga serikali kupunguza gesi joto kwa asilimia 80 ifikapo 2050; mwaka 2019 lengo likapandishwa hadi sifuri halisi. Sheria ya Nishati ya 2013 ikawekea kituo chochote kipya kikomo cha gramu 450 za kaboni kwa kila uniti ya umeme, kiwango ambacho kituo cha makaa cha kawaida hakiwezi kukifikia. Mwaka huohuo serikali ilianza kutoza kaboni ya umeme kodi ya nyongeza, ambayo kufikia 2015 ilikuwa takriban pauni 18 kwa tani, juu ya bei ya soko la Ulaya. Makaa hutoa kaboni karibu mara mbili ya gesi kwa umeme uleule, kwa hiyo kodi iliyaumiza zaidi.

Nadhani kodi hii ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko zote, ingawa haikuimbwa na mtu. Mwaka 2012 makaa yalitoa karibu asilimia 40 ya umeme wa nchi. Tarehe 21 Aprili 2017 Uingereza ilipitisha siku nzima bila kuyatumia, kwa mara ya kwanza tangu karne ya 19. Mwaka 2023 yalibaki asilimia moja hivi.

Ndipo tunafika Ratcliffe. Kituo cha reli cha East Midlands Parkway kiko ubavuni mwake kabisa. Ukishuka tu, minara minane ya kupozea imekusimamia. Kilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960, kikiwa na uwezo wa megawati 2,000. Kilidumu kuliko wenzake kwa sababu wamiliki wake walikubali kuweka vichujio. Aprili 2009 polisi waliwakamata Nottingham watu 114 waliokuwa wakipanga kukivamia na kukizima. Miaka sita baadaye, Novemba 2015, waziri Amber Rudd alitangaza mwenyewe mpango wa kuvifunga vituo vyote vya makaa ifikapo 2025, na baadaye tarehe ikaletwa karibu zaidi, ikawa 1 Oktoba 2024.

Wafanyakazi wa Ratcliffe walikuwa na karibu miaka tisa ya kujiandaa. Siku ya mwisho walibaki takriban 170, na baadhi yao wakaendelea na kazi ya kubomoa kituo. Wachimbaji wa Cortonwood walipewa wiki chache tu. Ujerumani ilijaribu kujifunza kutokana na machungu ya namna hiyo: mwaka 2020 iliandika katika sheria mwaka 2038 kuwa ukomo wa makaa, na sheria ya pili ikatenga hadi euro bilioni 40 kwa mikoa ya migodi. Ukomo huo umelaumiwa kuwa mbali mno, na lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, kuuweka mwaka na fedha za watu katika sheria kwa pamoja ni jambo sahihi, na ndilo Uingereza ilipaswa kulifanya mwaka 1984.