Viwanja vya Mafunzo ya Marubani Rhodesia Kusini

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza Septemba 1939, Uingereza ilihitaji maelfu ya marubani, lakini anga lake lenyewe halikufaa kuwafundishia. Mawingu na ukungu vilizuia safari kwa siku nyingi za mwaka, na mwanafunzi aliyeruka peke yake angeweza kukutana na ndege ya Ujerumani. Tarehe 17 Desemba 1939 Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand zilitia saini mjini Ottawa mapatano ya kufundisha marubani mbali na uwanja wa vita. Rhodesia Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, haikutia saini mapatano hayo. Ilielewana na London peke yake, ikaanza kazi mara moja.

Kiwanja cha kwanza, Belvedere, kilifunguliwa tarehe 24 Mei 1940 pembeni mwa Salisbury, ambao sasa ni Harare. Mkuu wa mpango mzima alikuwa Charles Meredith. Kufikia mwishoni mwa 1941 viwanja vilikuwa vimesimama katika miji mitatu iliyounganishwa na reli. Salisbury ulikuwa na Belvedere, Cranborne na Mount Hampden. Gwelo, yaani Gweru ya leo, ulikuwa na Guinea Fowl, Thornhill na Moffat. Bulawayo ulikuwa na Induna, Kumalo na Heany. Shule ya wakufunzi iliwekwa Norton. Reli ndiyo iliyoamua mpangilio huo, kwa sababu mafuta, vipuri na wanafunzi wenyewe vilitoka bandarini, safari ya siku kadhaa kwa treni.

Mwanafunzi alianzia Hillside, Bulawayo, kwa kwata, hesabu, usomaji wa ramani na alama za Morse. Kutoka hapo alipelekwa shule ya awali, akafundishwa kwa Tiger Moth, ndege nyepesi yenye mabawa ya juu na ya chini na viti viwili vilivyo wazi. Baada ya saa chache za kuruka na mkufunzi aliachwa apae peke yake. Aliyeshindwa kufikia hapo aliondolewa kwenye urubani na kupewa kazi nyingine. Aliyefaulu aliingia shule ya juu: Harvard ya injini moja kwa waliotazamiwa kurusha ndege za kivita, Oxford ya injini mbili kwa waliotazamiwa kurusha ndege kubwa za mabomu. Waongoza njia na wapiga rashasha walifundishwa Moffat.

Nchi yenyewe ilikuwa mwalimu mkali. Miji hiyo iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa huko ni nyepesi, ndege hukimbia mbali zaidi ardhini kabla ya kupaa. Anga ni safi miezi mingi ya kiangazi, lakini chini ni pori pana lisilo na alama nyingi, hivyo aliyepoteza njia alitafuta reli na kuifuata. Wengine hawakurudi. Makaburi yao yapo Harare, Gweru na Bulawayo, ya vijana waliokufa kabla ya kuiona vita waliyoandaliwa.

Mpango huu huelezwa mara nyingi kama kazi ya walowezi, ambao mwaka 1941 walikuwa takribani 69,000 tu. Maelezo hayo yanaacha nje watu wengi mno. Waafrika hawakupewa nafasi ya kusomea urubani katika viwanja hivyo, ila viwanja havikuweza kwenda bila wao. Kiliundwa kikosi maalumu kilichoitwa Rhodesian Air Askari Corps, na neno la Kiswahili, askari, likaingia katika jina rasmi la kikosi cha nchi isiyozungumza Kiswahili. Askari hao walilinda ndege, maghala na malango, na kikosi hicho kilitoa pia vibarua wa kambi. Mwaka 1942 koloni lilitunga sheria ya kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi, hasa katika mashamba ya walowezi, wakati mahitaji ya chakula yalikuwa yamepanda kwa sababu ya vita na kambi hizo. Gharama hiyo ni sehemu ya historia ya viwanja sawa na ndege zilizotumika.

Hadi vita kwisha, mpango ulikuwa umetoa marubani na wanaanga wengine zaidi ya 8,000. Wengi walikuwa Waingereza, lakini walikuwamo pia Wagiriki na Wayugoslavia. Ian Smith, aliyepitia Guinea Fowl na Thornhill, alitangaza uhuru wa walowezi peke yao tarehe 11 Novemba 1965. Tony Benn, aliyepata mabawa yake huko mwaka 1945, alikuja kuwa mbunge wa Uingereza aliyepinga ukoloni waziwazi. Ezer Weizman, aliyefundishwa huko pia, alikuja kuwa rais wa Israeli.

Baada ya vita viwanja vingi vilifungwa. Belvedere ulitumika kama uwanja wa ndege wa Salisbury hadi miaka ya 1950, na Guinea Fowl ukageuzwa kuwa shule ya bweni. Mount Hampden ni uwanja wa ndege ndogo unaoitwa Charles Prince. Heany na Thornhill vilirudi kufundisha wanaanga wa Uingereza kuanzia 1947 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha Thornhill ukawa kambi ya jeshi la anga la nchi. Sasa umepewa jina la Josiah Tungamirai, mpiganaji wa msituni katika vita vya ukombozi, ambaye baadaye aliliongoza Jeshi la Anga la Zimbabwe.