Somo la pili lisaidie kipaji, lisikizime

MWANAFUNZI anayetaka kusomea muziki, uigizaji au densi katika chuo kikuu hakosi kuulizwa swali moja na wazazi wake: utakula nini?

Swali hilo si la dharau. Mapato ya msanii huja kwa misimu, na wakati mwingine hukatika ghafla. Mnamo Machi 2020, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mikusanyiko kutokana na Covid-19, kumbi za maigizo na za burudani zilifungwa. Wasanii wasiokuwa na ujuzi mwingine walijikuta bila riziki.

Suluhisho si kuitupa sanaa, bali kuiambatanisha na somo kuu la pili. Ni kweli mshika mbili moja humponyoka. Hata hivyo, mbili zilizochaguliwa vyema hushikana zenyewe.

Somo la pili linafaa likitimiza masharti matatu. Kwanza, liweze kumpatia mtu kazi hata bila sanaa. Pili, liwe na manufaa kwa sanaa yenyewe. Tatu, ratiba yake iache nafasi ya mazoezi, ambayo aghalabu hufanywa jioni na wikendi.

Ualimu

Njia iliyozoeleka zaidi ni shahada ya ualimu. Nchini Kenya, mwalimu wa shule ya upili husomea masomo mawili ya kufundisha. Kwa hivyo, anayechagua Muziki hana budi kuchagua jingine.

Uamuzi huo ni mzito kuliko unavyodhaniwa. Muziki hufundishwa katika shule chache, ilhali Kiswahili, Kiingereza na Hisabati hufundishwa kote. Mara nyingi somo la pili ndilo humpa mwalimu ajira. Muziki humpa nafasi ya kuiongoza kwaya ya shule katika Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka wa 1927.

Aidha, mtaala wa umilisi umeipa sanaa nafasi mpya. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huo walijiunga na Gredi ya 10 mnamo Januari 2026, na mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari ya juu ni ule wa sanaa na michezo. Shule zenye mkondo huo zitahitaji walimu waliofunzwa muziki, densi na maigizo.

Biashara na uhasibu

Kikundi cha maigizo ni biashara. Kina bajeti, mikataba, kodi ya ukumbi na ushuru. Msanii anayejua kusoma hesabu hapunjwi kwa urahisi, na akikosa jukwaa anaweza kuajiriwa katika ofisi yoyote.

Iwapo chuo hakiruhusu mseto huo, kuna mitihani ya uhasibu ya bodi ya KASNEB, ambayo mtu anaweza kujiandaa kwayo kupitia madarasa ya jioni.

Teknolojia

Kurekodi sauti, kuhariri video na kusimamia taa ni kazi zinazohitajika studioni, katika vituo vya redio na televisheni, makanisani na hata katika mikutano ya kampuni. Mwanamuziki Eric Wainaina alisomea utunzi wa nyimbo pamoja na uhandisi wa studio katika chuo cha Berklee, jijini Boston, Marekani. Masomo hayo mawili yanahusu kazi moja, kila moja kwa upande wake.

Sheria

Wengi huvutiwa na sheria, lakini shahada hiyo husomwa peke yake na haiwekwi kando ya nyingine. Pamoja na hayo, kila msanii anahitaji kuielewa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001. Chini ya sheria hiyo, haki ya mtunzi wa wimbo au tamthilia hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Anayetia saini mkataba bila kujua hilo huenda akauza urithi wa watoto wake.

Tahadhari

Masomo mawili ni mzigo. Mwanafunzi wa ualimu, mathalani, huenda kwenye mazoezi ya kufundisha kwa muhula mzima, pengine mbali na chuo, na wakati huo hawezi kutegemewa katika mchezo wa kuigiza.

Kabla ya kujaza fomu za KUCCPS, uliza idara husika maswali haya: Je, chuo kinaruhusu masomo hayo mawili pamoja? Vipindi vyake vinagongana? Yataongeza mwaka au karo?

Mwisho, usichague somo unalolichukia ili kumridhisha mzazi. Alama duni katika somo la pili hazitakupa kazi, na muda uliopotea katika kulirudia ungetumika kufanya mazoezi. Mzazi naye akumbuke kwamba somo hilo linawekwa kando ya sanaa, wala si mahali pake.