Rabai, Mtaa wa Wasomi Wasiotajwa

Mgeni anayezuru mtaa wa kale wa chuo mjini Tübingen, kusini mwa Ujerumani, hakosi kuonyeshwa mnara wa manjano kando ya mto Neckar. Humo aliishi mshairi Hölderlin, akiwa amerukwa na akili, tangu 1807 hadi alipofariki 1843. Wenyeji wakimtaja mshairi humtaja pia Ernst Zimmer, fundi seremala aliyempokea nyumbani kwake na kumtunza. Mshairi akiwa bado mnarani, Johann Ludwig Krapf, mzaliwa wa kijiji jirani cha Derendingen, alikuja kusomea theolojia mjini humo. Mwaka 1850 sarufi yake ya Kiswahili ilipigwa chapa hapo hapo Tübingen, ingawa yaliyomo yalikuwa yamekusanywa Mombasa na kwenye vilima vya Rabai. Makala haya yanadai kwamba Rabai nayo ni mtaa wa kale wa wasomi. Anayetaka kuuzuru kwa haki hana budi kuwatafuta akina Zimmer wake, kwani huku wenyeji waliowapokea wageni ndio waliowafundisha.

Ukishukia Mazeras, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, unafuata njia inayopanda katikati ya minazi iliyochongwa vidato vya wagema. Juu kuna kanisa la Mtakatifu Paulo lililojengwa 1887, makumbusho yenye jina la Krapf yaliyofunguliwa 1994, na nyumba zinazonasibishwa na Krapf na mmisionari mwenzake Johannes Rebmann. Wengi humaliza ziara papo hapo: hapa ndipo Ukristo ulipoanzia Kenya, picha zinapigwa, safari ya kurudi inaanza. Ziara ya namna hiyo inaanzia mwisho wa hadithi.

Mwanzo wake uko msituni, Kaya Mudzi Muvya. Kaya hii ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Mijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Kuingia kwataka idhini ya wazee, na mti wa kaya haukatwi ovyo. Sifa hizi husimuliwa kama mambo ya imani, nami sizipingi, ila naona zimefunika jambo la pili. Kaya ilikuwa na utaratibu wa kupokezana elimu. Rika lilifuata rika, na kambi, yaani baraza la wazee, ilihifadhi sheria, nasaba na kumbukumbu za mashauri yaliyokatwa. Krapf na Rebmann walipotaka kukaa Rabai, Agosti 1846, waliomba kwa wazee hao wakakubaliwa. Waliingia katika mji uliokuwa na wenye elimu wake.

Yaliyofuata yalitikisa vyumba vya wasomi wa Ulaya. Kutoka Rabai, Rebmann alifunga safari ya Uchagani akiongozwa na Bwana Kheri, mwongozaji wa misafara, na tarehe 11 Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro. London, mwanajiografia W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, aliikana theluji hiyo kwa miaka mingi. Mwenzao Jakob Erhardt naye alikusanya maelezo ya wafanyabiashara wa misafara, akachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya bara. Ramani ilikosea umbo, lakini maji yalikuwepo, na ni miongoni mwa mambo yaliyowavuta wasafiri Burton na Speke, ambao Januari 1857 walimzuru Rebmann huko huko Rabai. Hoja za kielimu zilizozua ubishi wa miaka kadhaa Ulaya zilikuwa zimeanzia katika mazungumzo ya Kiswahili na Kirabai barazani.

Mtu ninayemfikiria zaidi ni Salimini. Alitoka pande za Ziwa Nyasa, akatekwa, akafikishwa pwani akiwa mtumwa. Rebmann alikaa naye akimuuliza neno kwa neno lugha ya kwao, na kazi yao ikawa kamusi ya Kinyasa iliyochapishwa 1877 karibu na Basel, Krapf akiwa mhariri, Rebmann akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Tufikirie kazi yenyewe ilivyokuwa. Mmoja ana kalamu na wino. Mwenzake hana hati yoyote, hana jamaa wa kumsahihisha, na kila jina la samaki, jembe au ndugu analitoa katika kumbukumbu ya nyumbani alikonyang'anywa. Kamusi nzima imesimama juu ya kumbukumbu hiyo. Katika chuo chochote kazi ya Salimini ingeitwa ualimu. Vitabu vingi vinamwita mtoa habari.

Pana watakaopinga kwamba jina la Salimini tunalijua kwa sababu Rebmann aliliandika, na kwamba Krapf naye alimtaja Sheikh Ali bin Mueddin, kadhi aliyemsaidia kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo huko Mombasa mwaka 1844. Ni kweli, na uungwana huo wastahili heshima. Lakini hoja hiyo inazidi kutubana sisi. Ikiwa wageni wa karne ya 19 waliyahifadhi majina, ni nani aliyeyaacha nje ya masimulizi tunayowapa watoto wetu?

Hali ni hiyo hiyo kwa Waafrika waliokombolewa utumwani, wakasomeshwa Nasik nchini India, kisha wakaletwa Rabai kuanzia 1864: William Jones, Ishmael Semler, George David. Walifundisha na kuongoza ibada, na karibu nao wakaja kujificha watumwa watoro. Jones ndiye aliyerudi Rabai mwanzoni mwa 1886 na mabaki ya msafara wa Askofu Hannington aliyeuawa Busoga. Shuleni tunamfundisha Hannington.

Pa kuanzia kuyarudisha majina kama hayo pako wazi. Mwaka 1887 ilichapishwa London kamusi ya lugha ya Rabai na jirani zake, kazi ya Krapf na Rebmann iliyohaririwa na T. H. Sparshott. Wasemaji wa lugha hiyo wako hai, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, katika kaunti ile ile iliyo na Rabai. Wanafunzi na wazee wa kaya waisome pamoja, ukurasa kwa ukurasa, wazee wakiwa na mamlaka ya kusahihisha na kuongeza, na toleo litakalotoka liwe na majina yao kwenye jalada. Kazi hiyo haiwezi kungoja sana, kwa kuwa maneno mengi ya mashauri ya kaya na ya miti ya dawa sasa yamebaki kwa watu wa umri mkubwa tu.