Vumbi Lisiloandikwa Kwenye Kadi

Hapa Hagadera vumbi ni jirani. Linaingia kwa chai, kwa nywele, kwa vitabu. Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani, ndilo lilinipokea kwanza. Kwa hivyo nikisoma historia ya asbesto, sikushtuliwa na vumbi. Nilishtuliwa na kalenda.

Asbesto ni jiwe linalochambuka nyuzinyuzi na halishiki moto. Lilichanganywa na saruji, yakatoka mabati ya asbesto yaliyoezekwa kwenye shule, hospitali na nyumba za serikali kote Kenya. Ukiyavunja, nyuzi zinapeperuka bila kuonekana. Mapafu hayawezi kuziyeyusha. Yanafanya makovu, na baadaye huenda ikaja saratani ya mapafu au ya utando wake. Hiyo baadaye inaweza kuwa miaka 20, 40, hata zaidi.

Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto mjini Rochdale, Uingereza, alikufa mwaka 1924 akiwa na miaka 33, mapafu yamejaa makovu. Sheria ya vumbi viwandani ilikuja 1931. Marufuku kamili? 1999. Kenya iliiorodhesha asbesto kama taka hatari katika kanuni za 2006.

Sasa linganisha. Minara ya New York ilipoanguka 2001, vumbi lake lilikuwa na asbesto. Walioishi na kufanya kazi pale walifunguliwa rejista, afya yao ifuatiliwe kwa miaka. Muongo mmoja kabla yake, watu walikimbia mizinga ya Mogadishu na Kismayu, na 1992 Hagadera ikafunguliwa. Jengo likilipuliwa, chochote kilichokuwa ndani ya kuta na paa kinageuka vumbi. Lakini wazee wetu walipofika walipewa kadi ya mgao. Kadi ilijua familia ina watu wangapi. Haikujua ni paa gani liliwaangukia, wala baba alifanya kazi gani bandarini au kiwandani.

Nyumba zetu ni za miti, turubai na mabati ya chuma. Kama kuna asbesto hapa, huenda ilikuja ndani ya vifua. Na tangu 1992 imeshapita miaka 30, manake saa yake ndiyo hii.

Kwa hivyo muulize mzee anayekohoa na kuishiwa pumzi: kabla ya kambi ulifanya kazi wapi, na vumbi la nini? Andika, umpelekee daktari. Na wewe unayeenda Garissa au Nairobi kutafuta kazi ya mjengo, mabati ya asbesto usiyatoboe, usiyavunje, wala usifagie vumbi lake likiwa kavu. Hakuna kadi itakayokukumbukia.