Hesabu ya Ndege

Ukisimama asubuhi penye forodha ya Malaba, msomaji, waona malori yamejipanga barabarani mstari mrefu, na kila dereva ameshika karatasi zake mkononi. Juu ya vichwa vyao korongo na yangeyange huruka kwenda Uganda na kurudi, wala hapana awaulizaye cheti. Nao mpaka wenyewe si wa kale. Kabla ya mwaka 1902 nchi hii yote, pamoja na Busia na Mumias, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Ndipo Waingereza wakaikata na kuitia upande wa pili, na mito ya Sio na Malaba ikawa miongoni mwa alama za kugawanya nchi mbili.

Miongoni mwa wageni wa kwanza walioandika habari za ndege wa sehemu hizi alikuwa Frederick Jackson, aliyefika Mumias mwaka 1889 akiongoza msafara wa kampuni ya Kiingereza. Usidhani kwamba kabla yake ndege hawakujulikana. Wakulima wa Kiluhya na wa Kiteso walikuwa wakiwaita kwa majina yao, na kujua yupi atangazaye mvua na yupi alaye mtama. Alichozidisha Jackson ni kuandika. Kazi iliyompatia mshahara ilikuwa utawala, hata akawa Gavana wa Uganda, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Mwaka 1909 walianzisha, yeye na wenzake, chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda, ambacho leo chajulikana zaidi kwa jina la Nature Kenya. Alifariki mwaka 1929, na kitabu chake kikubwa cha ndege wa Kenya na Uganda, chenye majuzuu matatu, kikatoka mwaka 1938.

Lakini wataalamu wa zama zile walimjua ndege kwa bunduki. Walimpiga, wakamchuna, wakaipeleka ngozi yake London. Mtu nitakayekusimulia sasa hakuua ndege hata mmoja, wala hakulipwa kwa kazi hiyo.

Mwaka 1971 Bibi Fleur Ng'weno alianza kuwaongoza watu kutazama ndege kila Jumatano asubuhi. Hukutana kwenye Jumba la Makumbusho la Nairobi saa tatu kasorobo, wakaenda msituni, au bwawani, au katika bustani fulani ya mjini, na adhuhuri wakarudi. Aliye na darubini huja nayo; asiye nayo huazima ya jirani. Mwalimu, mwanafunzi, mstaafu na mgeni wa wiki moja, wote hukaribishwa. Kila ndege aonekanaye hutajwa na kuandikwa. Jambo hili Bibi Ng'weno alilishika kwa zaidi ya nusu karne, na katika miaka hiyo alikuwa pia mhariri wa gazeti la watoto lililoitwa Rainbow. Wako Wakenya walioanza kwa kumfuata nyuma, wakihangaika kutofautisha shomoro na mnana, ambao baadaye walikuwa wataalamu.

Huenda wauliza: kuna faida gani kuandika kwamba leo tumeona njiwa wanne? Kwa hakika orodha ya siku moja haina faida kubwa. Lakini orodha za Jumatano elfu mbili ni kitu kingine. Hizo zaonyesha ndege gani wamepungua tangu mji ulipopanuka, na mwaka gani mgeni fulani alichelewa kutoka Ulaya.

Na mwenye kuzoea kutazama huona asichokiona mpita njia. Kuna ndege wa jamii ya mnana, aitwaye mnana wa Clarke, aliyetambuliwa na wataalamu mwaka 1913, naye huonekana pwani ya Kenya peke yake. Kwa muda wa miaka mia hapana mtaalamu aliyejua ajengapo kiota chake. Mwezi wa Machi 2013 Bibi Ng'weno, pamoja na wenyeji wa Dakatcha, nyuma ya Malindi, walivikuta viota hivyo katika kinamasi cha majira ya mvua.

Turudi Busia. Mwaka 1999 Leon Bennun na Peter Njoroge walitoa kitabu cha mahali 60 pa maana sana kwa ndege nchini Kenya. Ndani yake yamo mbuga za majani za Busia na kinamasi cha Sio Port. Katika mafunjo ya pwani hizo za ziwa hukaa ndege mweusi mgongoni, mwekundu kifuani, mwenye utosi wa rangi ya dhahabu. Huyu hana makao mengine ila mafunjo. Yakikatwa na kulimwa, hana pa kwenda. Nayo hukatwa, kwa mikeka na kwa mashamba, na sithubutu kumlaumu mwenye watoto wa kulisha.

Habari ya Bunyala ni nyingine. Huko, kwenye mashamba ya mpunga karibu na mdomo wa mto Nzoia, wawindaji walitia dawa ya wadudu iitwayo Furadan ndani ya konokono, wakawatawanya majini. Kisha walifunga korongo hai kwa kamba, ili wenziwe wanaopita angani waone wamo salama, washuke. Walioshuka walikula wakafa, na nyama yao ikauzwa kuwa kitoweo cha watu. Martin Odino, kijana Mkenya mwenye elimu ya ndege, alianza kufuatilia jambo hili mwaka 2009, akipiga picha na kuhesabu pamoja na wenyeji. Mwaka huohuo kampuni iliyoitengeneza Furadan ilitangaza kuiondoa katika maduka ya Kenya, baada ya simba kuuawa kwayo kwingineko. Lakini daftari za Bunyala zilionyesha kwamba ndege waliendelea kufa.

Hesabu hiyo haikuweza kufanywa ofisini. Mizoga huokotwa upesi ipelekwe kuuzwa, na jua likishapanda shamba huonekana jeupe na tulivu, kana kwamba halikutokea jambo. Aliyetaka kuihesabu alikuwa hana budi kuwapo kabla ya wachukuzi.