Kiwanda cha Majani Kinapozeeka

Ukitoka mjini Kericho kuelekea Bomet, utavijua viwanda vya majani chai kwa mapaa marefu ya mabati na bomba la moshi linalochungulia juu ya mikaratusi. Kule Nairobi, ghala la Eneo la Viwanda liligeuzwa mwaka 2003 kuwa GoDown, kituo cha sanaa. Huku kwetu mashine bado zinanguruma usiku kucha, lakini kiwanda kikizeeka nacho kinaweza kugeuzwa.

Kama kuna jengo linalofaa kugeuzwa ukumbi, basi ni kiwanda cha chai. Majani mabichi humwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni zikipuliza hewa kutoka chini kwa saa 12 au zaidi hadi yalegee. Kisha mashine ya CTC huyakatakata na kuyasokota, nayo hubadilika kutoka kijani hadi rangi ya shaba, ndipo yaingie kwenye kikaushio. Chumba cha kunyaushia ni kipana na kina hewa tele. Ngoma ingelia vizuri mle.

Wasri Lanka walitangulia. Huko Hantana, karibu na Kandy, kiwanda cha chai cha mwaka 1925 kilifunguliwa kama jumba la makumbusho mwaka 2001: mashine kuukuu chini, maktaba katikati, mkahawa juu. Na sadfa hii inachekesha kidogo: Browns, kampuni ya Sri Lanka, ilinunua mashamba ya chai ya kampuni ya James Finlay huku kwetu mwaka 2023, na mwaka uliofuata ikakubaliana kununua ya Lipton, yaliyoanzishwa na kampuni ya Brooke Bond.

Lakini mashine zilizong'arishwa hazitoshi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni iliwagawia maofisa Waingereza waliojeruhiwa takriban ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond wakaingia na chai. Wenye ardhi hawakurudishiwa. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, wa Wakipsigis, ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa. Makumbusho ya chai yasiyoanzia hapo yatakuwa duka la vikombe tu.

Ningetaka pia kuona mizani. Mchunaji hulipwa kwa kilo, kwa hiyo wakati wa kupima kila jicho hukodolea mshale. Iwekwe pamoja na kikapu cha mgongoni na chumba kimoja cha kambi ya wafanyakazi, kilivyo, hata masizi ya jikoni yasifutwe. Kando yake iwekwe mashine ya kuchunia, maana Mei 2023 vijana wenye hasira waliziteketeza kadhaa Kericho wakilia kwamba zimewanyang'anya kazi.

Nani ataamua? Katiba ya 2010 inazipa kaunti makumbusho na shughuli za utamaduni, lakini kiwanda kimesimama kwenye ardhi ya mkataba wa kukodisha. Katiba hiyohiyo ilipunguza mikataba ya miaka 999 ya wageni hadi miaka 99. Kaunti ikitaka kufungua milango ya kiwanda kikuukuu kabla muda huo haujaisha, itabidi kwanza ikae mezani na mwenye mkataba.