Hoteli ya Stanley na Chimbuko la Mizuka Yake

Hoteli ya Stanley iliyoko Estes Park, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, haina undugu na ile ya Nairobi yenye jina kama hilo, kwani ya Nairobi ilipewa jina la msafiri Henry Morton Stanley, ilhali hii ilichukua jina la mjenzi wake, Freelan Oscar Stanley, aliyetajirika pamoja na pacha wake, Francis, kwa kutengeneza vioo vya kupigia picha na baadaye magari ya mvuke, yaani magari yaliyoendeshwa kwa mvuke wa maji yaliyochemshwa. Mwaka 1903 alifika katika bonde la Estes Park, lililo takriban mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, akiwa amedhoofishwa na kifua kikuu, maradhi ambayo wakati huo hayakuwa na dawa, na ambayo waganga waliyakabili kwa kumshauri mgonjwa akapumue hewa kavu ya milimani. Alipopata nafuu, aliamua kujenga hapo hoteli ya kifahari, ambayo ilifunguliwa mwaka 1909 ikiwa na umeme uliozalishwa kwa nguvu ya mto, huku wageni wakitolewa kwenye vituo vya reli kwa magari ya mvuke.

Pamoja na fahari hiyo yote, jengo halikuwekewa mfumo wa kupasha joto, kwa hiyo kwa miongo mingi lilipokea wageni wakati wa kiangazi tu, na theluji ilipoanza kuanguka lilifungwa, korido zake ndefu zikabaki tupu hadi msimu uliofuata.

Tukio la kutisha lililothibitika zaidi katika historia yake lilitokea Juni 1911, wakati gesi ya asetilini, iliyokuwa akiba ya kuwashia taa umeme ulipokatika, ilipovuja na kujaa katika chumba ambacho leo ni namba 217. Mtumishi wa vyumba, ambaye mapokeo ya hoteli humwita Elizabeth Wilson, aliingia na moto mkononi, gesi ikalipuka, sakafu ikabomoka, naye akaanguka hadi ukumbi wa chini na kuvunjika vifundo vya miguu. Hata hivyo hakufa.

Umaarufu wa mizuka, yaani viumbe visivyo vya kawaida vinavyosemekana kuwatokea watu, ulienea baadaye sana. Mwishoni mwa msimu wa 1974 mwandishi Stephen King na mkewe walilala katika chumba namba 217 wakati hoteli ikijiandaa kufungwa, nao wakawa karibu peke yao katika jengo zima. Kutokana na ukiwa huo ikazaliwa riwaya ya The Shining, iliyochapishwa mwaka 1977. Filamu ya mwongozaji Stanley Kubrick ya mwaka 1980, iliyotokana na riwaya hiyo, haikupigwa hapo, lakini tamthilia yake ya televisheni ya mwaka 1997 ilipigwa hapo, na hatimaye ziara za kutafuta mizuka zikawa sehemu ya biashara ya hoteli.

Masimulizi yenyewe yakichunguzwa, hubainika kuwa yanawataja watu ambao hawakufia humo. Freelan Stanley, anayesemekana kuonekana katika chumba cha biliadi, alifariki Massachusetts mwaka 1940. Lodi Dunraven, kabaila wa Ireland aliyejitwalia maelfu ya ekari za bonde hilo katika miaka ya 1870, na ambaye leo huhusishwa na chumba namba 401, aliondoka Colorado miaka mingi kabla ya msingi wa hoteli kuchimbwa. Naye mtumishi wa 1911, anayedaiwa kukunja nguo za wageni usiku, alinusurika.

Kwa hiyo sifa ya hoteli hii haikutokana na vifo, bali ilitokana na jengo kubwa lililoachwa tupu kila mwaka, ajali moja ya kweli, na riwaya iliyosomwa kote duniani. Mtumishi yule anastahili kukumbukwa kwanza kama mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, kabla ya kutajwa kama mzuka.